Mwongozo wa Kuwapata Mashabiki wa Klabu Ndogo ya Raga ya Ligi na Kubaki Nao

Maswali ya viongozi wa klabu changa za raga ya ligi, yaani raga ya wachezaji 13, hayabadiliki sana kutoka msimu mmoja hadi mwingine: je, tufute kiingilio, tubandike mabango mangapi, tumwalike mwanamuziki? Yote hayo yanahusu namna ya kumleta mtu uwanjani mara moja, ilhali kazi ngumu zaidi ni kumfanya arudi. Tarehe 29 Machi 1996 Super League, ligi kuu ya raga ya ligi ya Uingereza, ilifunguliwa jijini Paris kwa mechi kati ya Paris Saint-Germain na Sheffield Eagles, mbele ya watazamaji 17,873. Wenyeji walishinda, na waliokuwapo waliondoka wamefurahi, lakini msimu wa 1997 ulipokwisha klabu hiyo ya raga ilikuwa imekwisha pia. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Hata hivyo, umati wa usiku ule haukugeuka kuwa mashabiki.

Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja tu: katika kila watu 10 wanaokuja uwanjani kwenu kwa mara ya kwanza, ni wangapi mnaowaona tena katika mechi 3 za nyumbani zinazofuata? Ukiweza kulijibu swali hilo kwa hesabu na si kwa kukisia, umekwisha kuzitangulia klabu nyingi.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Ratiba ya mechi za nyumbani iliyothibitishwa na wasimamizi wa ligi, angalau kwa nusu ya msimu.
- Mtu mmoja anayewajibika kwa mashabiki, pamoja na wasaidizi 2 siku ya mechi. Asiwe kocha wala mchezaji, kwa kuwa saa anayohitajika mlangoni ndiyo saa ambayo hao wawili wana shughuli nyingine.
- Daftari la majina, au jedwali kwenye kompyuta, linalotunzwa na mtu mmoja.
- Tiketi za rangi 2 tofauti. Vikaratasi vilivyokatwa kwa mkono vinatosha.
- Kipaza sauti kinachosikika upande wote wa watazamaji, na mtu anayezijua sheria za mchezo vizuri kiasi cha kuzieleza kwa sentensi fupi.
- Njia moja ya kutoa habari ambayo watu wa eneo lenu wanaitumia tayari. Kurasa 4 zilizosahaulika hazifikii kundi moja la WhatsApp linalohudumiwa kila wiki.
- Vyoo safi, maji ya kunywa, sehemu ya kukaa iliyo mbali na jua kali au mvua, na mtoa huduma ya kwanza. Kama hivi havipo, ahirisha mengine yote ushughulikie hivi kwanza, kwa sababu hakuna tangazo linaloweza kumrudisha mama aliyekosa choo cha mtoto wake.

Hatua ya 1: Hesabu ulio nao sasa

Katika mechi 2 au 3 za mwanzo usitangaze lolote, hesabu tu. Mlangoni, kila anayeingia aulizwe maswali 2: hii ni mara yako ya ngapi kuja hapa, na ni nani aliyekuambia? Anayekuja kwa mara ya kwanza apewe tiketi ya rangi moja, na waliowahi kuja wapewe ya rangi nyingine. Mwisho wa mechi, hesabuni vishina vya kila rangi na kuandika idadi yake daftarini pamoja na jina la timu pinzani, hali ya hewa na saa ya kuanza.

Watenge ndugu na jamaa wa wachezaji katika hesabu yako. Hao ni watu muhimu, lakini wengi wao watakuja maadamu mtoto wao au mume wao anacheza, na atakapoacha kucheza wataondoka naye. Klabu yenye watazamaji 120, huku 100 wakiwa jamaa wa wachezaji, kwa kweli ina mashabiki 20, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kulijua siku kikosi kinapobadilika.

*Angalizo:* usichanganye idadi ya wanaofuata ukurasa wenu mtandaoni na idadi ya mashabiki. Mtu anaweza kupenda picha zenu kwa miaka 5 bila kujua lango la uwanja liko upande gani.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa, kisha usizibadilishe

Mtu hujenga mazoea juu ya jambo lisiloyumba. Mkicheza Jumamosi saa tisa alasiri wiki hii, Jumapili saa nne asubuhi wiki ijayo, kisha Ijumaa jioni, hata anayewapenda atapotea njiani. Zungumzeni na wasimamizi wa ligi ili mechi zenu za nyumbani ziwe siku moja na saa moja kadiri inavyowezekana, na mwepuke saa za ibada za watu wa eneo lenu pamoja na mechi kubwa za mpira wa miguu zinazooneshwa kwenye televisheni. Ligi kuu ya Uingereza yenyewe iliuhamisha msimu wake mwaka 1996 kutoka majira ya baridi hadi majira ya joto, uamuzi uliowagusa mashabiki kama ulivyowagusa wachezaji.

Mechi ianze kwa wakati. Mkitangaza saa tisa mkaanza saa kumi kasorobo, aliyewahi amejifunza kuchelewa, na aliyekuja kwa mara ya kwanza amejifunza kutokuja.

Hatua ya 3: Anza na walio karibu

Kabla ya kumtafuta mgeni wa mbali, waite wale ambao tayari wana sababu ya kuja: wachezaji wa zamani, walimu wa shule mnakofundisha raga, majirani wa uwanja wanaosikia kelele zenu kila wiki bila kualikwa. Kikosi cha siku ya mechi kina wachezaji 13 uwanjani na 4 wa akiba, jumla 17. Kila mmoja akiombwa kuleta majina 2 ya watu wasiokuwa wa familia yake, una majina 34 ya kuanzia. Ombeni majina hasa, kwa kuwa ahadi ya jumla ya “tutawaambia watu” haijawahi kujaza uwanja wowote.

Watoto wana nafasi ya pekee katika hatua hii. Timu za watoto zikicheza kabla ya mechi kubwa, au kwa dakika chache wakati wa mapumziko, kila mtoto huja na mtu mzima mmoja au zaidi, na watu hao hukaa hadi mwisho ikiwa mmewapa mahali pa kukaa na sababu ya kubaki. Mechi ya watoto ikichezwa asubuhi na ya wakubwa jioni, mmewapoteza wote katikati.

Hatua ya 4: Mpokee mgeni wa kwanza

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, kwa sababu haionekani kama kazi. Mwenye tiketi ya rangi ya wageni apokelewe na mtu, asiachwe peke yake na ishara ya mshale. Mpokezi amsalimie, amuulize jina, amwoneshe vyoo na maji, kisha amkalishe jirani na shabiki wa siku nyingi ambaye mmekubaliana naye mapema. Chagueni mashabiki 5 au 6 wenye subira wa kuifanya kazi hiyo kwa zamu. Mwenye kelele nyingi kuliko wote anafaa kuongoza nyimbo, lakini mara chache anafaa kukaa na mgeni.

Baada ya hapo, msaidie mgeni kuuelewa mchezo. Raga ya ligi ina bahati kwamba inaelezeka haraka, basi itumieni bahati hiyo. Chapisheni karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo haya na kumpa kila mgeni:

- Kila timu ina wachezaji 13, na mechi ni dakika 80, vipindi 2 vya dakika 40.
- Mpira hauruhusiwi kupasiwa mbele kwa mkono. Unapasiwa pembeni au nyuma.
- Mchezaji akiangushwa, husimama, huuweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu ili mwenzake auchukue.
- Timu ikiangushwa mara 6 bila kufunga, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana baada ya mara ya 5 mara nyingi utaona mpira ukipigwa kwa mguu.
- Trai, yaani kuugusisha mpira chini kwenye eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 4. Mkwaju unaofuata trai ni pointi 2. Mkwaju wa penalti ni pointi 2. Mkwaju wa kudondosha mpira, kwa kawaida, ni pointi 1.

Mtangazaji naye ahesabu kwa sauti: “Ya tatu... ya nne... ya tano, hii ndiyo ya mwisho!” Mgeni akijifunza kuhesabu hadi 6, ameacha kutazama watu wanaogongana na ameanza kuifuata hesabu, na katika mechi yoyote inayokaribiana mtu anayeifuata hesabu hawezi kukaa kimya. Wanaoijua raga ya wachezaji 15 huhitaji maelezo zaidi kidogo, kwa kuwa husubiri mpira wa kurushwa kutoka pembeni ambao hauji. Waelezeni kwamba raga ya ligi ilizaliwa mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga ili wachezaji wao, wengi wao wafanyakazi, walipwe fidia ya ujira walioupoteza kwa ajili ya mechi. Klabu hizo zilitegemea watu waliolipa kuingia, hivyo zikaurekebisha mchezo uwe wazi na wa kasi zaidi: mpira wa kurushwa ulifutwa mwaka 1897, na wachezaji wakapunguzwa hadi 13 mwaka 1906. Kwa maneno mengine, mtazamaji amekuwamo katika sheria za mchezo huu tangu zamani, na kumsahau mlangoni ni kinyume cha asili yake.

Mechi ikiisha, wachezaji wasikimbilie vyumbani. Wasogee kwenye uzio kwa dakika 10, hata wakiwa wamefungwa, wawape watu mikono na kupiga picha na watoto. Kwa klabu ndogo hili ni jambo ambalo klabu kubwa haiwezi kulifanya kwa ukamilifu, nalo halina gharama yoyote.

*Angalizo:* mpokezi asigeuke kuwa muuzaji. Kumwekea mgeni fomu ya uanachama mbele kabla hajaona hata trai moja ni kumfukuza kwa adabu.

Hatua ya 5: Mfuatilie ndani ya siku 2

Mgeni anapotoka, mpokezi amwombe ruhusa ya kumtumia ujumbe kuhusu mechi ijayo. Akikubali, jina na namba viandikwe, akikataa, asisumbuliwe. Ndani ya siku 2 atumiwe ujumbe mfupi wenye jina lake, unaotaja jambo lililotokea siku ile na tarehe ya mechi ijayo ya nyumbani. Kwa mfano: “Asante kwa kuja Jumamosi. Yule winga uliyemshangilia anaendelea vizuri baada ya kuumia bega. Tunacheza tena nyumbani tarehe 14, saa tisa kamili. Nitakuwa mlangoni.” Ujumbe wa aina hii huchukua dakika moja kuuandika. Ujumbe mmoja uliosambazwa kwa watu 200 husomeka kama tangazo la kampuni, na hujibiwa kama linavyojibiwa tangazo, yaani kwa ukimya.

Hatua ya 6: Mpe nafasi, si kiti tu

Anayerudi mara ya 2 au ya 3 yuko tayari kwa jambo jingine: apewe kazi ndogo. Ubao wa matokeo unahitaji mtu, bendera zinahitaji mtu, mipira inayotoka nje inahitaji vijana wa kuirudisha, na picha zinahitaji mpigaji. Kazi iwe ndogo na iwe na zamu, ili anayeikosa wiki moja asijione msaliti. Mwenye zamu ya ubao wa matokeo wiki ijayo atakuja hata kama mawingu yametanda.

Hapo ndipo uanachama unapoingia. Wekeni ngazi moja au 2 tu, na kila ngazi iwe na faida inayoshikika: kadi yenye jina, kiingilio cha msimu mzima, kura katika mkutano wa mwaka. Mkiahidi kura, iandikwe katika katiba ya klabu na itekelezwe, kwa kuwa mwanachama aliyenyimwa kura aliyoahidiwa hana tofauti na adui. Nguvu ya watu wanaojiona kuwa wenye klabu ilionekana mjini Sydney. Klabu ya South Sydney ilipoondolewa katika ligi kuu ya Australia baada ya msimu wa 1999, mashabiki wake waliandamana barabarani kwa makumi ya maelfu, na viongozi wao wakaipeleka kesi mahakamani; mwaka 2002 klabu ilirejea uwanjani, na mwaka 2014 ikautwaa ubingwa. Watu hawaandamani kwa ajili ya kitu walichopewa tiketi ya bure kukitazama.

Hatua ya 7: Toa habari kati ya mechi na mechi

Habari 3 kwa wiki zinatosha: matokeo na maelezo mafupi siku ya pili baada ya mechi, habari ya mchezaji au mtu wa kujitolea katikati ya wiki, na ukumbusho wa saa na mahali siku moja kabla ya mechi. Mkifungwa, andikeni mlifungwa kwa pointi ngapi na kwa nini. Shabiki husamehe kipigo, lakini ukurasa unaonyamaza kila timu inapofungwa humwonesha kwamba anahesabiwa kuwa mtoto. Picha za watoto zisitolewe bila idhini ya wazazi wao.

Hatua ya 8: Tafuta mpinzani wa jadi

Klabu jirani si adui wa kuogopwa, bali ni nusu ya onesho lenu. Huko Uingereza, mechi za klabu jirani za Wigan na St Helens, au za klabu 2 za mji wa Hull, hujaza viwanja kwa sababu mashabiki wake hukutana kazini na mitaani wiki nzima. Kubalianeni na jirani yenu kuhusu kombe dogo la kushindaniwa kila mwaka na tarehe isiyobadilika, kisha pangeni usafiri wa pamoja kwenda kwao. Safari moja ya basi huwafahamisha watu kuliko mechi 5 za nyumbani.

Hatua ya 9: Burudani, kwa kiasi

Muziki, vazi la mnyama wa klabu na michezo ya watoto vinasaidia. Bradford Northern walipojiita Bradford Bulls mwaka 1996 na kuigeuza siku ya mechi kuwa sherehe ya familia, uwanja wao ulijaa watu wapya. Hata hivyo, walikuwa pia na timu nzuri iliyotwaa ubingwa mwaka 1997, na sehemu hiyo ya habari husahaulika. Kubadilisha jina au rangi za klabu bila kuwauliza waliozivaa kwa miaka 20 ni hatari nisiyomshauri mtu yeyote aikimbilie.

Mambo yakienda vibaya

*Mechi ya kwanza ilijaa, ya pili ni tupu.* Angalieni daftari. Ikiwa wageni walikuwa wengi na majina yaliyoandikwa ni machache, kosa liko katika hatua ya 4 na ya 5. Msiongeze matangazo hadi mlirekebishe, kwa maana mnamwaga maji katika ndoo iliyotoboka.

*Tumefuta kiingilio na bado hawaji.* Bei haikuwa tatizo. Rudisheni kiingilio kidogo, watoto waingie bure, na tiketi za bure ziwe na jina la mtu na tarehe moja. Tiketi isiyo na tarehe huishia kwenye droo.

*Timu inafungwa kila wiki.* Wapeni watu ushindi mdogo wa kuufuatilia: kijana wa timu ya watoto aliyepanda kikosi cha kwanza, mechi ya jirani, pengo la pointi linalopungua. Msiahidi ushindi katika matangazo. Ahidini saa, mahali na mapokezi, kwa kuwa hayo yamo mikononi mwenu.

*Mtaa wetu ni mdogo mno.* Featherstone, mji mdogo uliokuwa wa wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire, ulilitwaa Challenge Cup, kombe la mtoano la Uingereza, mwaka 1967, 1973 na 1983. Udogo una faida yake: kila mgeni anaweza kujulikana kwa jina.

*Mashabiki wanamtukana mwamuzi.* Mtangazaji asimkosoe mwamuzi hata kwa mzaha, maana watazamaji humwiga yeye. Shabiki wa zamani anayeheshimiwa amwendee mkosaji wakati wa mapumziko na kuzungumza naye pembeni. Akirudia, aondolewe siku hiyo, hata kama ni ndugu wa mwenyekiti. Familia moja iliyoondoka kwa sababu ya matusi haitawaambieni kwa nini imeondoka.

*Wa zamani wanawacheka wapya wasiojua sheria.* Mpeni mcheshi wao mkuu kazi ya kugawa karatasi za sheria mlangoni kwa mwezi mzima. Nimeliona jambo hili likifanya kazi zaidi ya mara moja, ingawa wiki ya kwanza hununa.

*Mtu mmoja anafanya kila kitu.* Atachoka, na siku atakayoondoka ataondoka na daftari kichwani mwake. Kuanzia mechi ijayo, msaidizi mmoja asimame mlangoni peke yake huku mhusika akikaa jukwaani kama mtazamaji wa kawaida, na nakala ya daftari iwekwe kwa katibu wa klabu kabla ya siku hiyo.